Mlima Niliouona Kila Siku

Mimi ni dereva wa familia moja huko Al-Malqa, Riyadh. Siku moja bosi aliniuliza tukiwa garini, "Mlima Kenya unaujua?"

"Naujua sana, baba. Kwetu Nanyuki ni kila siku."

Nilimaanisha kuuona nikienda shule. Yeye akaelewa kuupanda, na jioni nikamsikia akiwasifia wageni dereva wake mpanda milima.

Ningemsahihisha. Lakini kuanzia hapo alianza kuongea nami safari nzima, mtu ambaye awali alikuwa akiniambia tu "yalla", yaani twende, basi. Kwa hiyo nikanyamaza, tena nikaongezea habari za theluji na hema.

Ijumaa, baridi ikiwa imeingia, tulienda kwenye majabali nje ya mji, yeye, binti yake Noura na mimi.

"Tangulia," akasema. "Sisi tutakufuata."

Kupanda nilijikaza, mkoba wa maji mgongoni. Kule juu njia ilipita ukingoni kabisa, na bonde lilikuwa mbali chini. Nikakaa, nikakumbatia jiwe na kufumba macho.

Noura alichuchumaa kando yangu. Hakucheka. Aliuliza polepole, "Kule kwenu ulikuwa unashukaje?"

Baba yake naye akasubiri jibu.

"Sijawahi kupanda," nikasema. "Nilikuwa nauangalia tu."

Bosi alininyooshea mkono, nikadhani ananiinua, nikampa wangu. Kumbe alikuwa anataka kunivua ule mkoba wa maji, aubebe mwenyewe.