Saini Tano za Bwana Tahadhari

Hebu niambie ukweli: uliwahi kukuta saini yako kwenye karatasi, mkono ni wako kabisa, na siku inayotajwa hapo ulikuwa umelazwa hospitalini?

Bwana Tahadhari yalimkuta. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo la utafiti, mbele ya maabara namba saba. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, maana goti la kulia lilikuwa halijamsamehe tangu lipasuliwe, na ngazi za jengo lile ni sitini na sita.

Jina la Tahadhari alipewa na wanafunzi, likamganda mpaka mkewe akaanza kulitumia akikasirika. Kazi yake ni kuandika na kusimamia mipango ya usalama ya maabara kumi na mbili. Kila maabara ina jalada lake: kemikali zilizomo, nani afanye nini zikimwagika, glavu zipi zivaliwe, mlango upi ukimbiliwe, nani apigiwe simu. Miaka kumi na moja anaandika, anafuta, anaandika tena. Hata akialikwa harusini, macho yake hutafuta kwanza mlango wa dharura, ndipo yamtafute bibi harusi.

Kando ya mlango wa namba saba pana shawa ya dharura na bomba la kuoshea macho. Tindikali ikikurukia usoni, huna muda wa kuuliza njia. Unakimbilia hapo ukiwa umefumba macho. Ndiyo maana kila Ijumaa lazima vifunguliwe vyote viwili, maji yatiririke, yatazamwe rangi, kisha ofisa usalama asaini kadi iliyoning'inia ukutani pamoja na kalamu yake iliyofungwa kwa uzi. Chini ya shawa hakuna tundu la kutolea maji. Waliojenga walidhani maji ya dharura yatajua yenyewe pa kwenda. Kwa hiyo kupima shawa ile kunahitaji ndoo.

Sasa sikiliza. Ijumaa tano zilikuwa zimepita bila yeye kupima. Tatu alikuwa hospitalini na kitandani nyumbani. Mbili alikuwa amerudi kazini, ila kila akizitazama zile ngazi alisema kesho, na kesho ikawa wiki. Asubuhi hiyo alikuwa amepanda akiugulia huku amekaza meno, na mfukoni ana kalamu yake ya buluu, ili aandike kwa aibu kwenye visanduku vitano vitupu: "Haikupimwa."

Hakukuta kisanduku kitupu. Vyote vitano vilikuwa na tarehe, na vyote vitano vilikuwa na saini yake. Ile ile, yenye kitanzi kikubwa mwanzoni na mkia unaorudi nyuma kama umesahau kitu. Hata kidoa cha wino chini ya mkia kilikuwepo, mara tano.

"Goti vipi, baba?"

Aligeuka nusura aanguke. Alikuwa mama anayesafisha ghorofa ile, ambaye jengo zima linamwita Mama Ndoo, anapita na kideki chake.

"Linakwenda, mama. Linakwenda kwa matusi."

"Lipumzishe. Huku hakujaharibika kitu." Akaendelea na korido yake, kideki kushoto, kideki kulia.

Bwana Tahadhari akairudia kadi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Saini bado ilikuwa yake.

Wazo lililomjia lilikuwa la kawaida: mtu fulani amejaza kadi kwa uongo ili ukaguzi upite. Mambo hayo yapo, na yapo sana. Kuna majengo ambamo karatasi inalindwa kuliko ngozi ya mtu, na watu wanapongezana kwa majalada manene huku mabomba yameziba. Akaamua kulikamata jizi kwa ushahidi. Bomba likikaa wiki tano bila kufunguliwa, maji ya kwanza hutoka na kutu, mekundu kama chai. Akakinga kiganja, akakanyaga pedali ya bomba la macho.

Maji yalitoka meupe. Tangu tone la kwanza.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Kama ni uongo, mbona maji ni ya kweli? Na kama vipimo vimefanyika, nani amevifanya na kusaini kwa mkono wa Bwana Tahadhari?

Profesa, mkuu wa maabara namba saba, alimkuta bado amekinga kiganja.

"Umenisainia jalada la yule binti? Ruhusa inatakiwa kesho saa tatu."

"Profesa, kadi hii ina tatizo."

Profesa akaisogelea. "Haijajazwa?"

"Imejazwa."

"Hujasaini?"

"Nimesaini."

"Tatizo liko wapi sasa?"

"Ndiyo hilo. Nimesaini."

Profesa akamtazama kama mtu anayetazama mizani iliyoharibika. "Bwana Tahadhari, maisha yangu yote nimesikia watu wakilalamika kazi haijafanyika. Wewe ni wa kwanza kulalamika kwamba imefanyika." Akaingia zake ndani.

Yule binti alikuwa mpwa wa Bwana Tahadhari, mtoto wa dada yake wa kufuatana. Alikuwa anaanza kazi na tindikali kali kuliko zote zilizowahi kuingia namba saba, na bila saini ya mjomba wake kwenye mpango wa usalama, mlango usingefunguliwa. Alimfuata ofisini mchana, koti jeupe limemzidi mabega.

"Shikamoo, mjomba. Tayari?"

"Marahaba. Bado."

"Bado nini? Mjomba, sampuli zangu zinakufa. Zikivuka kesho nazimwaga, naanza upya. Miezi mitano!"

"Najua, mama."

"Kama umekuta kosa kwenye mpango, niambie nirekebishe. Mpango si una kosa?"

"Mpango hauna kosa." Akalisogeza jalada kando. "Mwenye mpango ndiye sina hakika naye."

Binti akacheka, akidhani ni utani wa kijomba. Mjomba hakucheka.

Maana lilikuwepo jambo ambalo hakulisema. Baba yake mzazi, mwaka wa sita wa kustaafu, alianza kuamka alfajiri, anavaa viatu, anakwenda kukaa kwenye ngazi za ofisi yake ya zamani akingoja ifunguliwe. Akirudishwa nyumbani, hakumbuki kwamba alitoka. Ilianza hivyo hivyo, kwa vitu vidogo. Je, kama na yeye ameanza? Kama ameupanda ule mlima wa ngazi na goti bichi, akapima maji, akasaini, na asikumbuke hata ndoo? Mtu kama huyo anaruhusiwaje kuandika "salama" juu ya macho ya mtoto wa dada yake?

Akalifungua jalada la namba saba. Kurasa themanini na nne, zote zake. Akalisoma kama limeandikwa na jirani. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema vipimo vitafanywa na ofisa usalama, au mbadala wake. Mstari uliofuata ulimtaja mbadala: "Atateuliwa." Uliandikwa miaka minne iliyopita. Profesa amesaini chini yake, mkuu wa kitengo amesaini, wakaguzi wawili wamegonga mihuri. Watu watano waliosoma, yeye akiwa mmojawapo, na vyeti vyao ukutani, wameridhika kwamba macho ya wanafunzi yatalindwa na mtu anayeitwa Atateuliwa.

Jioni, kabla ya chakula, alimfuata mkewe aliyekuwa anakunja nguo sebuleni.

"Mama watoto, zile wiki nilizolala hapa, Ijumaa nilitoka?"

"Utoke uende wapi? Wewe uliyekuwa unageuzwa kama godoro linaloanikwa?"

"Hata alfajiri? Ukiwa umelala?"

"Nilale na zile kelele zako? Ulikuwa unamwita marehemu bibi yako kila ukinyoosha mguu." Akaacha shati hewani. "Kwa nini unauliza?"

Akamwonyesha picha ya kadi kwenye simu. Mkewe akaivuta karibu. "Saini yako. Na umeandika vizuri siku hizo, siyo yale makorokoro ya siku hizi."

"Sikuandika mimi."

"Nani basi?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Baba watoto, unaniuliza mimi saini yako?"

Akachukua bahasha kuukuu, akakaa mezani, akasaini mara kumi. Hakuna hata moja iliyofanana vizuri na zile tano. Kitanzi kilikuwa chembamba, mkia ulikimbia. Zile za kwenye kadi zilikuwa yeye kuliko yeye mwenyewe. Na kile kidoa alikijaribu kwa makusudi, hakikukaa mahali pake. Mkewe alikuwa anamtazama kutoka mlangoni, shati lile lile bado mkononi.

"Kesho ni Ijumaa," alisema mkewe. "Si uende mapema ukaone kama utakuja?"

Alisema kwa mzaha. Yeye akaona ndiyo ushauri pekee wenye akili aliousikia siku nzima.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa amefika ghorofa ya tatu, jalada kwapani, jasho limemlowesha kola. Mlango wa korido una kioo chembamba, upana wa kiganja. Kabla hajausukuma akasikia maji. Akasimama, akachungulia.

Mama Ndoo alikuwa chini ya shawa, ndoo yake ya kijani imekaa sawasawa mahali pake. Alikuwa anavuta mnyororo kwa mkono mmoja na kuhesabu kwa sauti, taratibu, bila kuruka namba. Alipofika anapotaka, akaachia. Akaihamisha ndoo, akaenda kwenye bomba la macho, akakanyaga pedali, akakinga kikombe cheupe, akakiinua dirishani kutazama rangi. Kikombe cheupe! Hilo la kikombe alimfundisha nani?

Ndipo ikamrudia, nzima nzima. Alimfundisha yeye. Mwaka jana, kabla goti halijapasuliwa, kila Ijumaa walipima pamoja: yeye mnyororo, mama ndoo. Na Ijumaa moja mama aliomba kalamu. "Na mimi niandike jina langu hapo, baba? Si tumepima wote?" Naye, kwa haraka, akiwa na maabara kumi na moja zinamngoja, akamjibu: "Hapa halitakiwi jina lako, mama. Linatakiwa langu tu. Bila saini yangu ni sawa na haikupimwa." Mama akasema haya, akainua ndoo yake, akaenda.

Alikuwa amesikia vizuri. Amefuata maagizo ya ofisa usalama, yote, kuliko mtu yeyote mwenye cheti katika jengo lile.

Bwana Tahadhari alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu jana saa nne. Kichwa chake kilikuwa kizima. Akaliegemeza jalada ukutani, akafungua ukurasa wa ruhusa ya mpwa wake, akasaini. Kitanzi, mkia. Hakuna doa. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akakata neno "Atateuliwa" kwa mstari mmoja mnene, akaweka ncha ya kalamu mbele ili aandike jina la mbadala.

Kalamu ikakaa pale pale.

Miaka sita ya "Umeamkaje, baba," na "Haya, mama." Miaka sita ya ndoo. Jina lake nani? Alifikiri, akafikiri. Alijua namba ya kila chupa kwenye kabati la kemikali, alijua urefu wa kila korido, na jina la mtu aliyekuwa mbele yake hakulijua hata herufi ya kwanza. Na akimwandika, wakubwa watasema nini, kwamba amemteua mbadala au kwamba amefichua mtu aliyeghushi? Lipi kati ya hayo mawili ndilo la kweli? Yote? Alibaki amesimama na kalamu, amechanganyikiwa upya.

Akainua macho kwenye kioo. Mama Ndoo alikuwa ameshika kalamu ya uzi, ncha ya ulimi imetoka pembeni mwa mdomo. Hakuwa anaandika, alikuwa anachora. Alianza na kitanzi, akakizungusha bila haraka kama mtu anayeshona pindo, akauvuta mkia, akaurudisha nyuma. Akasogea hatua moja, akainamisha kichwa, akalinganisha na zile za juu, mpaka ile ya mwisho ya Bwana Tahadhari mwenyewe, iliyodondokewa wino. Kuna kitu kilikuwa kimepungua. Akarudi, akaikandamiza ncha ya kalamu chini ya mkia, akasubiri wino ukusanyike, akaweka doa.