Pembe ya Tatu ya Gakunzi

Saa nne ya asubuhi mlima wa Bibokoboko haumeti tena. Zamani, kila Jumamosi isiyo na mawingu, cheche moja nyeupe ilitokea kule juu, na Gakunzi, juu ya paa la shule yetu hapa Baraka, kando ya ziwa, aliipigia kelele kama mtu aliyeitwa na ndugu yake. Kweli alikuwa ameitwa: aliyeshika kipande cha kioo kule mlimani ni dada yake Umwiza.

Gakunzi alifundisha fizikia, mimi Kifaransa. Yeye wa wafugaji wa juu mlimani, mimi wa watu wa ziwani, na pande hizo mbili ziliogopana. Aliwaeleza wanafunzi jinsi wanavyopima kama ulimwengu umepinda. Nuru kongwe kuliko zote ina madoa. Ukubwa halisi wa madoa hayo unajulikana kwa hesabu, na umbali wake pia. Kinachobaki ni kupima pembe yanayochukua angani. Ulimwengu ukiwa bapa, pembe hiyo ni karibu digrii moja, upana wa miezi miwili mipevu bega kwa bega. Ukiwa umepinda kama mpira, madoa yangeonekana makubwa zaidi. Waliopima walikuta digrii moja.

"Na sisi tupime yetu," alisema. Baraka, Bibokoboko, ncha ya rasi ya Ubwari: pembetatu. Penye ubapa, pembe zake tatu hujumlika digrii mia na themanini. Alijua ni ndogo mno kuonyesha ulimwengu umepinda au la. Alitaka wazoee kupima. Kwa bamba la mbao lililochorwa digrii na bomba la kuchungulia, akilenga cheche ya kioo cha Umwiza, alipata sabini na moja hapa, sitini na nne Ubwari.

"Basi imebaki makumi ine na tano," nikamwambia. "Toa tu! Ya nini kupanda mulima?"

"We Idi, ng'ombe za baba zinakushinda hesabu. Ukitoa, umeshasema iko bapa mbele ya kupima. Usijaze kitu hujapima."

Kabla hajapanda, risasi zililia milimani wiki nzima. Mama Saumu, mdogo wa mama yangu, mwenye mitumbwi ya injini, aliniuliza pale bandarini, tukinywa chai mbele ya wapakizi wake:

"Idi, mutoto yangu, we unafundisha naye. Ile mwangaza ya mulima, anaongeaka na nani?"

"Anaita baadui!" akadakia mpakizi mmoja.

Nilijua kila kitu. Bomba nililishika mwenyewe. Digrii ziliandikwa kwa mkono wangu. Ni dada yake na kioo: maneno matano tu. Nikaangalia chai yangu.

"Mi niko mwalimu wa Kifaransa, mama. Mambo ya fizikia sijue."

Walicheka, kisha wote kwa pamoja wakageukia mlima.

Siku ya pili bamba lilikuwa vipande chini ya ukuta, na mlango wa chumba cha Gakunzi umevunjwa. Alinijia na mfuko mmoja.

"Hukuwaelezea?"

"Hawakuniuliza," nikasema.

Alinipa daftari la vipimo, akaenda.

Mwisho wa mwaka, mkuu wa shule alitaka kazi ya wanafunzi ibandikwe ukutani. Nafasi ya pembe ya tatu ilikuwa tupu. Nikaandika arobaini na tano, kwa mwandiko wangu mzuri. Jumla, mia na themanini. Wazazi walipiga makofi.

Gakunzi sasa anafundisha hesabu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya.