Ufunguo wa Unyambwa

Miaka ile biashara zilipofunguliwa, nilifanya kazi kwenye intaneti kafe mjini Singida. Kompyuta yetu kubwa ya Linux ilikaa Unyambwa, nyumbani kwa mama yake tajiri wangu, penye antena ya kunasa intaneti. Siku hiyo nilikuwa mjini, naiwekea ukuta wa kinga kwa mbali. Ukuta huo ni kanuni tu: nani apite, nani azuiwe. Kwa papara nikaanza na "zuia wote". Skrini ikaganda. Nilikuwa nimejizuia mwenyewe.

Nikadandia baiskeli hadi Unyambwa kuirekebisha palepale, nikitukana njia nzima. Bibi, mama yake tajiri, alikuwa mlangoni, anapepeta uwele.

"Naomba ufunguo wa chumba cha kompyuta, haraka!"

Hakuinua macho. Nikarudia kwa sauti. Akaendelea kupepeta. Wateja wananisubiri mjini, mimi nimesimama mbele ya ungo!

Ndipo nikashtuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za mjini?" Akafungua pindo la kanga. Ufunguo ulikuwa humo muda wote.

Nikaingia, nikaandika kanuni upya. Safari hii nilianza na anayeruhusiwa kupita.