Kiganja changu na timu ya Aline

Sydney nzima hakuna kocha mkali kama mimi!

Leo timu ya wasichana wa chuo cha dada yangu Aline ilikuwa na mechi ya softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo. Chuo kimebana pesa, kocha hana msaidizi. Wakishinda, ataajiriwa mmoja. Nikajitolea kuelekeza wakimbiaji.

Halafu benchini wanasoma vitabu! Ukifeli mtihani, huchezi. Jamani, mimi nisingegusa hata kofia ya timu.

Mwisho mwisho, binti mmoja Mzungu anakuja mbio. Akifika kituo cha mwisho, tumeshinda. Nikamwita kwa mkono, kiganja chini, kama tunavyoitana nyumbani.

Akajitupa chini kabla hajafika. Wapinzani wakamgusa na mpira, akatolewa.

"We kaka, hapa hiyo ni ishara ya kulala chini!" Aline akafoka.

Nyie mnaoishi huku, mnaitaje mtu kwa mkono?

Tumefungwa kwa mkono wangu, na kocha, mama wa watu, bado yuko peke yake.