Ketrina na Mvinyo wa Dirishani

Ketrina Nzowa alikuja kwenye gesti yangu pale Majengo, Tunduma, kufua shuka, na siku ya tatu akairudisha chai jikoni.

"Mama Rozi," aliniambia, "haya maji yamechemshiwa kwenye sufuria iliyopikiwa dagaa. Si leo. Labda jana mchana."

Nikaenda kumuuliza mpishi. Mpishi akaangalia miguu yake. Ilikuwa jana mchana, kweli. Wageni kumi na wawili walikuwa wameinywa chai ile na mmoja akaomba aongezewe. Nikarudi kumtazama Ketrina upya, kama unavyolitazama gunia ulilouziwa kwa bei ya chenga, ukalifungua ukakuta mchele mzima.

Ni mtu wa Iyula, kwenye kahawa. Miaka kumi na tisa alifanya kazi Mbozi kwa mnunuzi mmoja wa kahawa. Alianza kwa kuosha vikombe vya maabara, akaishia kuwa muonjaji. Kazi yenyewe ni hivi: vikombe vinapangwa mezani, muonjaji anachota kahawa kwa kijiko, anaivuta kwa kelele kama anayefyonza uboho kwenye mfupa, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo. Kisha anasema neno moja tu. Moshi. Ukungu. Gunia. Safi. Mnunuzi alipohamisha maabara yake kwenda mji mwingine, hakuhama na waonjaji. Ketrina akabaki na ulimi na kijiko.

Kaka yake, Yonathani, alikuwa ameshamwambia kwamba msimu ukianza arudi Iyula, akasimamie meza za kuanikia kahawa.

"Kule nitakula na nitalala," Ketrina aliniambia, "lakini nitakuwa shangazi wa kutumwa. Nina miaka arobaini na sita, Mama Rozi. Sitaki kutumwa chumvi."

Mimi nilianza kwa kuuza mahindi ya kuchemsha kwenye foleni ya malori. Madereva hawakununua kwa kunihurumia, walinunua kwa sababu walikuwa na njaa. Nikamwacha na shuka zake, nikisubiri kuona nani atakuwa na njaa ya ulimi wake.

Akatokea Blessing. Huyu ni Mzambia wa Kasama, mteja wangu wa siku nyingi. Yeye na wanawake wenzake saba huja kila baada ya miezi miwili kuchukua vitenge na viatu. Hulala usiku mmoja, asubuhi wanavuka mpaka zao Nakonde.

"Mwapoleni mukwai, bamayo," alinisalimu mlangoni kwa Kibemba, akiniita mama. "Safari ijayo ni bethidei yangu. Nataka kuwanywesha hawa waini, lakini si kulewa tu. Kuonja. Hii, halafu ile, halafu ile nyingine. Tunduma kuna wapi pa kuonja?"

"Papo," nilisema. Sikujua hata mahali pamoja.

"Wapi?"

"Wewe njoo tu. Mjipange kulala siku mbili."

"Kama papo, tutalala mbili. Kama hapapo, bamayo, nitawapitisha hawa hadi Mbeya na hutatuona."

Vyumba vinane, usiku wa ziada, kila safari. Nilimwita Ketrina kabla Blessing hajamaliza kufungua begi.

Ukifikiria vizuri, hakuna mji unaofaa kwa kuonja mvinyo kama huu wetu. Wa Dodoma unakuja kwa barabara hadi hapa, wa Afrika Kusini unapita Zambia hadi hapa, yote inakutana mpakani. Tatizo ni wauzaji wetu. Wanauza mvinyo kama wanavyouza dawa ya meno: chukua nzima au usiguse.

"Nitafutie sehemu tatu nzuri," nilimwambia Ketrina. "Ukizipata, kazi ya kuwazungusha wageni ni yako, shuka utaachana nazo. Usipozipata, shuka nazo zinaisha. Nimeagiza mashine ya kufulia, inafika kabla ya Pasaka."

"Kwa hiyo ni Iyula."

"Ni Iyula."

"Haya," alisema. Akajifuta mikono kwenye khanga, akaenda kuchukua kijiko chake.

Wiki saba alizunguka kila mchana baada ya kuanika. Lebo hakuzisoma. Akiingia dukani, kwanza anaangalia jua linaingilia wapi, kisha anaomba glasi tupu na kuinusa. Jioni ananiletea taarifa kama askari wa doria: huyu glasi zake zina harufu ya sabuni ya unga, yule anazifutia kitambaa cha samaki, yule mwingine ameweka chupa zake juu ya injini ya friji, zinachemka. Wengine walimtimua. Mmoja alimwambia, "Shangazi, hapa si zahanati, hatupimi." Mwingine akamuuliza, "Nikifungua chupa kwa ajili ya funda lako, inayobaki namuuzia nani? Mumeo?"

"Muuzie anayefuata," Ketrina alimjibu. "Funda kwa funda. Utaimaliza kwa faida kuliko ukiiuza nzima."

Yule hakuelewa. Osward alielewa. Osward ana stoo nyuma ya soko, zamani ilikuwa ya viazi. Haina dirisha, sakafu yake ni baridi hata mwezi wa kumi, na mvinyo wa Dodoma umelala humo kama mgonjwa anayetunzwa. Hiyo ikawa ya kwanza. Ya pili ni kwa Marita, karibu kabisa na mpaka: mgahawa mdogo, mvinyo wa Afrika Kusini, mbuzi wa kuchoma, na glasi zinazooshwa kwa maji ya moto. Ketrina alinusa glasi ya Marita mara mbili, halafu akakaa chini bila kukaribishwa.

Ilibaki ya tatu, na ya tatu ilikuwa lazima iwe kwa Zebedayo. Grosari yake iko barabara kuu, ina baraza pana. Ukikaa pale unaona foleni yote ya malori. Wageni wanataka kukaa mahali waone na waonekane. Stoo ya viazi haina hilo. Siku hizo Blessing alikuwa amebakiza siku nne afike, kwa hiyo nilifuatana na Ketrina mimi mwenyewe, Jumamosi, saa kumi, grosari imejaa.

Hapa nieleze kitu kwa asiyetoka kwetu. Mbozi, na kwa majirani wote ninaowajua, mwenye kinywaji huanza yeye. Anapiga funda mbele ya mgeni, ndipo anampa. Ni kusema: hakina kitu, kama ni kufa tunakufa wote. Zebedayo ana friji tatu na luninga ya ukutani, lakini hilo hajaliacha. Tulipomweleza habari za Blessing, alituletea chupa aliyojivunia, ile iliyosimama mbele kabisa kwenye kioo cha dirisha. Akaifungua, akapiga funda, akafuta mdomo, akamkabidhi Ketrina glasi kwa mikono miwili.

Ketrina akachota kwa kijiko. Akavuta, fyuuu, hadi meza ya pembeni wakageuka. Akazungusha. Kisha akainama akatema yote kwenye kopo alilokuja nalo.

Kule maabara kahawa haina mwenyewe mezani. Unatema, unaandika, unasogea. Alisahau kwamba hapa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake na ladha ileile mdomoni.

Nikaona glasi zinarudishwa mezani moja moja. Mzee Ngusa, mfugaji wa bonde la Momba ambaye huja mjini akishauza ng'ombe, akasimama na glasi yake mkononi, ya chupa nyingine ya dirishani.

"Mimi niko na ya pili sasa!" alisema. "Ya pili! Ya kitu ambacho mtu anakitema!"

"Kaa, mzee," Zebedayo alimwambia.

"Nikae nisubiri nini? Tumbo lianze?"

Zebedayo akamgeukia Ketrina. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilinitisha. "Nimeonja mbele ya watu. Wewe umetema mbele ya watu. Sasa waambie mimi ni nani. Mchawi?"

"Kaka, samahani, kwenye kazi yangu..."

"Kazi yako si kwangu. Toka. Na huyo Mzambia wenu mpelekeni huko mnakomeza."

Ketrina akaanza kukusanya kijiko na kopo. Alikuwa anaiona Iyula, meza za kahawa, na mtu akimwita kutoka ndani aende dukani. Mimi nilikuwa naona vyumba vinane vikipita kwenda Mbeya. Mtu akikwambia toka lakini hajakufungulia mlango, bado anazungumzika.

"Zebedayo," nikasema, "acha hasira, taja unachotaka."

Akafikiri. "Ameze. Glasi nzima. Hawa wote wamuone."

Nikamwangalia Ketrina. Maisha yake yote kazini hakuwahi kumeza. Hata sikukuu anakunywa soda. Akaweka kijiko chini.

"Nitameza," alisema. "Lakini na mimi nina langu. Nikimaliza, ufungue nyingine kama hii, ya kutoka stoo gizani. Uonje wewe kwanza, useme mwenyewe. Sitasema neno."

"Haya."

Akainywa. Mzee Ngusa alimsogelea, akamkagua koo kama anavyokagua mnyama mnadani, kuhakikisha kinashuka. Kilishuka chote. Uso wa Ketrina ulikuwa wa mtu aliyepewa klorokwini bila maji, ila glasi aliipindua juu chini, tone halikuanguka.

Zebedayo akaleta chupa ya stoo. Akapiga funda la haraka kama kawaida yake, midomo tu. Akasita. Akapiga la pili, hili la kweli, akalishika mdomoni. Akachukua ile ya dirishani, akaonja nayo. Kisha akakaa.

"Leta," Mzee Ngusa alimwambia, akampokonya glasi. Akanywa. "Zebedayo! Huu ulikuwa unamfichia nani?"

"Ile ya dirishani ina muda gani pale?" nikauliza.

Ketrina akamwahi Zebedayo kujibu, maana ahadi ya kutosema neno ilikuwa imeisha na glasi ilikuwa imeanza kufanya kazi. "Ina buibui wawili shingoni! Jua la saa nane linapiga palepale! Mvinyo si nguo, kaka, hauanikwi!"

Kicheko kilianzia meza ya pembeni kikazunguka baraza zima. Zebedayo alijaribu kubaki amekunja uso, akashindwa.

"Miaka yote hii naonja kwanza," alisema. "Kumbe nagusa midomo tu, kuwatoa watu wasiwasi. Kuonja hasa sijawahi." Akabeba ile chupa mwenyewe akaimwaga mtaroni, na Mzee Ngusa akadai glasi yake ya pili irudishwe upya kutoka stoo, bure. Alipewa.

Tulikubaliana palepale. Chupa za stoo zilale gizani. Za dirishani zimwagwe, zijazwe chai ya rangi, zibaki pambo. Na Ketrina asiteme tena ndani ya mipaka ya Tunduma. Kurudi nyumbani nilimshika kiwiko. Alikuwa anaimba sauti ya pili ya kwaya, na kila baada ya hatua chache ananiambia barabara yote imeinamia Zambia.

Blessing alifika Jumatano. Ketrina aliwasimamisha wanawake wote wanane uani, akawapa sheria kabla ya kutoka. "Mwenye duka ataanza. Msimkatize. Mkipewa, kidogo mdomoni, zungusheni, mezeni. Hapa hatutemi."

"Lakini kwenye tivii wanatema," Blessing alisema.

"Kwenye tivii mwenye duka hayupo. Hapa yupo, na ana hasira."

Kwa Osward waliingia kwa zamu, wakitoka wanabishana. Kwa Marita walikula mbuzi, mmoja akasema mvinyo ule wanauona kwao kila siku ila hawajawahi kuujua. Kwa Zebedayo walikuta meza imetandikwa kitambaa. Mwenyewe akatangulia, na hakugusa midomo tu: alivuta, fyuuuu, kelele kumshinda hata Ketrina, akazungusha mashavu yakatuna, akameza, akatangaza kwa wote barazani, "Safi!" Wazambia wakampigia makofi. Tangu siku hiyo hakuna anayenunua hata bia pale bila kuvutiwa fyuuuu kwanza.

Walilala siku mbili. Blessing akaacha ameshika vyumba vya safari inayofuata, akaongeza viwili.

Jioni ile nikamwita Ketrina nimpe kazi kama tulivyosema. Hakukaa.

"Nimekubali," alisema, "ila na wageni wa gesti nyingine nitawazungusha."

"Hatukusema hivyo."

"Ulisema wageni. Hukusema wa nani. Na Osward, Marita na Zebedayo wamekubaliana na mimi, Mama Rozi, si na gesti."

Nilitafuta pa kushika, sikupaona. Mtu niliyemtuma sokoni kwa kapu langu alikuwa amerudi na soko. Nikaweza kupata kitu kimoja tu: siku za Jumamosi wageni wangu ndio watangulie kuzungushwa. Akakubali, baada ya kunifanya nisubiri.

Yonathani alipiga simu palepale, sauti yake ikasikika hadi kwangu. Msimu umekaribia, meza ziko tayari, basi la asubuhi lina nafasi.

"Nitakuja Jumapili moja kuonja kahawa yako, kaka," Ketrina alimwambia. "Kuanika, tafuta mtu. Na zile meza zilizo nyuma ya jiko uzihamishe. Mwaka jana kahawa ilikuwa na moshi, nilinyamaza tu."

Mashine ya kufulia ilifika wiki moja kabla ya Pasaka, kama nilivyoagiza. Beseni kubwa alilofulia Ketrina nilimuuzia Zebedayo kwa bei nzuri. Analijaza maji ya baridi, analazia chupa, mbali na dirisha.