Waliomo Chini ya Sitaha

Usiku ule, wa kuamkia Ijumaa, nilikuwa nimemsomea Yasini rafiki yangu Hamisi, kama ninavyofanya tangu nimzike huku Ufaransa, mbali na Kilwa kwetu. Tulikuja wawili, mafundi wa kuchonga mifano ya meli za kale. Siku hizi nakula peke yangu na kujisemesha peke yangu, maana upweke hauna adabu, humfanya mtu mzima aonekane mwehu. Mezani ilikaa kazi aliyoiacha nusu: manowari ya Wafaransa ya karne ya kumi na nane, ya matanga. Watu wa makumbusho wangeichukua asubuhi. Walitaka mizinga ing'ae na ubavu uzibwe, kwani mifano hii hupambwa juu tu. Ndani huachwa tupu.

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta juu ya sitaha, meli imekuwa kubwa, matanga yamejaa upepo, na hakuna mtu. Nikaita. Sauti yangu ikanirudia. Nateremka ngazi, na palipokuwa na mizinga sasa ni patupu, maana meli imeshazeeka, imevuliwa vita, imeuzwa kwa wafanyabiashara. Chini kabisa, gizani, amekaa Hamisi, vumbi la mbao lingali nyweleni. Nilifurahi mpaka nikalia. Nikamwambia nimechoka kuishi bila mwenzangu, anipishe nikae.

Hakunipisha. Nyuma yake nawaona watu wamelazwa wamebanana, minyororo miguuni. Na nyuma yao, ubavuni pasipo na ubao wowote, pwani ya Kilwa inakwenda mbali.

"Kumbe ilifika kwetu," nikasema.

"Ilifika, ikaondoka imejaa." Akanitazama. "Yasini zako zinanifikia. Hawa hakuna anayewasomea, hata majina yao hayajulikani. Nawe unataka kuwaziba?"

Nikanyoosha mkono nimshike, nikashika ukingo wa kitanda. Kumekucha. Chumba kilikuwa kimya, na Hamisi amekufa tena, upya.

Ubavu wa ile meli niliuziba na kuupiga msasa mwenyewe, na kazi ile ndiyo inayoniweka mjini. Nikachukua msumeno mdogo, nikaukata ubavu, ukabaki wazi. Watu wa makumbusho wakiikataa, na waikatae. Kisha nikatafuta kipande cha mti, nikaanza kuchonga mtu.

Kengele ya mlango ikalia. Sikuinuka, mtu wangu wa kwanza alikuwa bado hajapata uso.