Mwenyewe Hashiki Kamba

Nyumbani kwangu Gahanga, kwenye msumari wa stoo, kuna kamba nene ya katani. Wageni wakiiona huuliza kama ninafuga ng'ombe. Sifugi hata kuku. Kamba hiyo ilitoka kwenye majengo yetu ya ghorofa kule Nyamirambo, ambayo siku hizi hayapo, na mahali pake pana maduka yenye vioo na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani.

Yalikuwa majengo manne yaliyopangwa kwenye mteremko, kila moja na ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Yalijengwa miaka ya mwanzo ya uhuru kwa ajili ya makarani wa serikali. Makarani walipohama waliingia watu wa aina yetu: wenye maduka, madereva wa malori, mafundi nguo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na tulikaa juu kabisa katika jengo la tatu. Kuta zilikuwa nene, roshani pana, na sakafu ya saruji nyekundu tuliyoing'arisha kwa nta mpaka magoti yakawa mekundu pia. Hayo yote sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na yule aliyechora ngazi.

Sijui alikuwa nani. Mungu amsamehe, mimi bado. Ngazi zilikuwa nyembamba, na katikati zilikata kona ghafla chini ya boriti ya zege iliyokuwa sawa na paji la uso la mtu mzima. Nadhani aliamini kwamba karani ni mtu mwenye sanduku moja na mwavuli. Godoro lilipita likikunjwa. Meza ilipita ikitolewa miguu. Kabati halikupita kabisa, na tulilijua hilo kwa sababu ya kabati la mama.

Mama alipoolewa alikuja na kabati la milango mitatu, ule wa kati ukiwa na kioo kirefu. Siku tuliyohamia, nikiwa mtoto mdogo, baba alilipandisha kwa ngazi na likakwama konani tangu asubuhi hadi alasiri. Majirani walipita chini yake kwa kutambaa, wengine na ndoo za maji, na kila aliyetambaa alitoa ushauri. Mwishowe dereva mmoja wa lori, aliyekaa ghorofa ya chini, alileta kamba yake ya kufungia magunia. Wakalishusha kabati uani, wakalifunga, wakaipitisha kamba juu ya bomba la chuma la roshani yetu, wakaanza kuvuta. Baba akasema kabati ni lake na kamba ataishika yeye, mbele kabisa.

Lilipofika ghorofa ya kwanza liligusa ukuta, kidogo tu. Wengine hawakushtuka. Baba alishtuka, akavuta kwa nguvu zake zote, kabati likazunguka na kioo kikajigonga kwenye roshani ya watu. Vipande vilimwagika uani, na kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu chini yake. Mama, aliyekuwa amesimama pembeni na mimi mgongoni, alisema neno moja tu:

"Ingekuwa ya jirani, ungeshika vizuri."

Neno lile lilimkaa baba. Kuanzia hapo ikawa sheria ya majengo yote manne, na aliyeitunga ni yuleyule aliyevunja kioo: mwenyewe hashiki kamba. Mwenye kitu ana woga, na woga una mikono mibaya. Kwa hiyo kitanda kikipanda au kochi likishuka, mwenye kitu alisimama chini uani, mikono mitupu, mbele ya watu wote. Kiongozi wa kamba aliita kutoka juu, "Mwenyewe iko wapi?" Naye alijibu, "Iko hapa!" Ndipo amri ilipotoka: haya, pandisheni, au, haya, shusheni. Kama hakuna jibu, kamba haikusogea. Kioo hakikurudishwa. Mama alitundika kitenge mahali pake, na mgeni yeyote aliyeuliza sababu alisimuliwa yote, baba akitafuta mahali pa kuficha uso.

Dereva alipohama alimwachia baba kamba, na cheo kikaja nayo. Shughuli zilifanywa Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi ya sisi Wanyarwanda, kwa sababu siku hiyo wanaume walikuwa nyumbani na tayari wameshachafuka. Wasichana hatukupewa kamba. Kazi yangu ilikuwa kupika chai ya maziwa na kusimama chini nikipiga kelele, "Buhoro! Buhoro!" yaani taratibu, kitu kikikaribia ardhi. Wazee waliosoma kwa Kifaransa walisema, "Doucement!" na baba, ambaye hakusoma popote, aliamuru kwa lugha zote. Nilikuwa na sauti kubwa. Bado ninayo, waulize wanangu.

Mwaka wa tisini na nne sitausimulia. Walioupitia wanaujua. Nitasema tu kwamba familia ya mlango uliotazamana na wetu iliuawa, na kwamba mambo yalipotulia alikuja mwanamume mmoja na lori, akasema nyumba ile amepewa na anataka vitu vilivyomo vishushwe. Baba alitoka na kamba begani. Yule bwana akafurahi. Baba akaipitisha kamba juu ya bomba, akainama kwenye roshani, akaita kama alivyoita siku zote:

"Mwenyewe iko wapi?"

"Mzee, unajua wenyewe hawako," yule bwana akasema. "Shusha tu."

"Basi na kamba haiko."

Akaikunja, akaingia ndani. Siku zile neno kama hilo lingeweza kukuponza. Yule bwana alitukana sana, akachukua viti na masufuria kwa ngazi, akaenda. Kabati, kitanda na meza kubwa vilibaki.

Baadaye, sikumbuki ilikuwa miezi mingapi, alikuja binti wa familia ile. Alikuwa amebaki peke yake. Alisimama uani, palepale waliposimama wenye vitu wote. Nilidhani baba angemhurumia aache kuuliza. Hakuacha. Aliita kwa sauti ileile, bila kuipunguza wala kuipamba, na yule binti akajibu, "Iko hapa." Vitu vya wazazi wake vilishuka kimoja kimoja bila hata mkwaruzo. Nililia siku ile.

Mwaka uliofuata nyumba iliyo chini yetu ilipata mpangaji mpya, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, upande wa Tanzania, mwalimu na Mkristo wa kwaya. Alikuwa na mikono mizuri, akawa mtu wa pili wa kamba. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kusahihisha Kiswahili chetu. Baba akipaza sauti, "Angalieni, kabati iko inakuja!" mwalimu alisema, "Mzee wangu, kabati *linakuja*."

"Likija au ikija, itakuponda kichwa. Sogea!"

Walisumbuana hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini na walipendana sana. Idi sahani ya pilau iliteremka kwao kwanza kabla haijafika kwa ndugu zetu wenyewe.

Kisha tukaambiwa majengo yatavunjwa. Hakuna aliyeshangaa, maana mtaa mzima ulikuwa unabadilika, na kusema kweli mabomba yetu yalikuwa yameoza. Watu wakaanza kuhama: wengine Busanza, wengine huku Gahanga, mwalimu akaenda kwa wanawe Kibagabaga. Kila aliyehama alishushiwa vitu na baba. Lakini baba mwenyewe alikuwa hashuki tena. Sukari ilikuwa imemmaliza miguu. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na mimi nilikuwa naenda kumpikia kila siku kabla ya kufungua duka langu. Aliongoza kamba akiwa kwenye kiti chake pale roshani, shuka magotini, na sauti haikuwa imepungua hata kidogo.

Mwishowe tukabaki na nyumba moja yenye mtu, nayo ni yake. Umeme ulikatwa. Matingatinga yaliegeshwa barabarani. Mimi nilikuwa nimemwandalia chumba Gahanga, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, mlango mpana unaoweza kupitisha ng'ombe wale wanaouliziwa na wageni. Tatizo lilikuwa kumfikisha. Kiti hakikupita kwenye ile kona. Ilibidi abebwe mgongoni, na hilo hakutaka kulisikia.

"Nusu ya mtaa huu nimeipima kiuno," alisema. "Leo wanione mgongoni mwa mtu kama mtoto anayenyonya? Mimi si kabati."

Nilimbembeleza. Nilileta imamu, naye akashindwa. Nikagomba, maana mimi si mpole na sijawahi kudai upole. Nilimwambia siku itafika watakuja vijana asiowajua wamtoe bila salamu, na hapo heshima anayoilinda itakuwa wapi? Akaomba chai. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya sufuria. Niliogopa kwa kweli, kwa sababu nilimjua: angekaa kwenye kiti kile mpaka ukuta uanze kutikisika.

Nilimpigia simu mwalimu. Hakusema mengi. Alisema Jumamosi watakuja kushusha kabati.

Walikuja baada ya umuganda, kama zamani. Mwalimu alikuja na wanawe wawili, watu wazima wenye mabega, na majirani wa zamani walitoka Busanza na Gahanga, baadhi na mvi ambazo sikuwahi kuzijua. Baba alifurahi, akasogezewa kiti chake hadi ukingoni. Kabati la mama lilifungwa vizuri, kitenge chake kikiwa bado mlangoni. Mimi nilikuwa uani na chupa ya chai. Baba akainama, akaita kwa mazoea:

"Mwenyewe iko wapi?"

Majengo yale hayakuwahi kuficha neno la mtu, kwa hiyo nilisikia yote kutoka chini.

"Mzee wangu," mwalimu akasema, "kabati hili ni la nani?"

"Si unajua? Yangu na marehemu."

"Na mwenyewe anatakiwa awe wapi?"

Mmoja wa wale waliokuwa wameshika kamba alikohoa.

"Chini," baba akasema.

"Sheria ni yako. Mimi nimeikuta."

Nilijua sasa atalipuka, atamfukuza, na Jumamosi yetu itakuwa imekwisha. Badala yake nikasikia kicheko chake, kile cha kifuani alichocheka mteja akidai nguo imebana kumbe amenenepa.

"Wewe Mtanzania! Umenishona na uzi wangu mwenyewe."

"Basi twende."

"Lakini kama mtoto sibebwi."

"Hubebwi kama mtoto. Utafungwa kamba, kama inavyotakiwa."

Wakaifungua kamba kwenye kabati, wakaliacha pale roshani lisubiri zamu yake. Wakamzungusha baba kamba kifuani na chini ya makwapa, wakampandisha mgongoni mwa yule mwana mkubwa wa mwalimu, na wanaume wengine wakaushika mwisho wa kamba pale juu ya ngazi, ili kijana akiteleza wamzuie. Nilikuwa nimeanza kupanda kwenda kumshika mguu. Mwalimu aliniona kwenye kona, chini ya ile boriti.

"Dada, rudi chini."

"Ni baba yangu!"

"Ndiyo maana. Rudi chini."

Nikarudi. Nilisimama uani peke yangu, nikaiweka chupa ya chai ardhini, halafu sikujua mikono niipeleke wapi. Nikatazama juu kwenye mlango wa ngazi na sikuona kitu. Kisha nikasikia sauti ya mwalimu, na hakutumia Kiswahili chake cha Karagwe alichotuchosha nacho miaka yote. Alitumia chetu.

"Mwenyewe iko wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia nijiandae. Siku zote nilikuwa mpika chai na mpiga kelele. Sikuwahi kuwa na kitu kwenye kamba ile. Nilijaribu mara ya kwanza na sauti, hiyo sauti yangu ninayojivunia, haikutoka.

"Mwenyewe iko wapi?" akarudia.

"Iko hapa!" nikasema. "Iko hapa!"

Halafu nikamsikia baba mwenyewe, mgongoni mwa yule kijana, akitoa amri.

"Haya, shusheni."